Jivu Ndani ya Kigurumbi

Ulikuwa mwaka wa muhogo. Sisi wa Mji wa Kale hatuhesabu miaka kwa kalenda ya ukutani, twahesabu kwa kilichokuwa sahanini. Mwaka ule unga wa ngano ulipotea madukani, na uliporudi ulirudi na bei ya kumtia mtu homa, mahamri yakawa chakula cha mgeni na mgonjwa. Asubuhi muhogo wa kuchemsha na chai ya rangi, jioni muhogo wa nazi. Ramadhani ilipoingia tukafuturu muhogo. Wale waliozoea kujigamba kwa mkate wa mayai kumi walimpelekea jirani sahani ya muhogo wa kukaanga, na jirani akairudisha sahani ile ile ina muhogo wa kuchoma.

Ndipo kifuniko changu kikapata soko. Mwanamke mwenye unga wa mkate mmoja kwa mwezi mzima hataki uungue.

Kwa asiyejua, mkate wetu twaupika kwa makaa, moto chini na moto juu. Chini ni jiko, juu twapalia: twafunika sufuria kwa bati na kulimwagia kaa la moto. Tabu ni moto wa juu, hauna adabu. Waunguza katikati na pembeni waacha ubichi. Mimi nikaweka, kati ya bati na mkate, kipande cha udongo cha duara, bapa kama sinia dogo, kilichozibwa pande zote. Kile kipande chaunywa moto wote wa kaa, kisha chautoa kidogo kidogo, sawasawa. Mkate watoka na rangi ya asali mpaka ukingoni. Nasema haya bila haya, kwa sababu ni kweli: Mombasa nzima hapakuwa na mkate kama uliotoka chini ya kifuniko changu.

Kipande hicho nilikiita kigurumbi. Usilitafute neno hilo, halimo popote. Nililitunga mwenyewe jikoni ili nikiwa na wageni barazani nimwambie mwanangu "hebu kitie kigurumbi kivulini" na mgeni asijue ni nini kinachotiwa kivulini. Mji wetu una masikio. Ukuta wangu ni ukuta wa jirani.

Na jambo jengine lazima niliseme, maana bila hilo hamtaelewa nilivyomwangamiza mwanangu. Bibi aliyenilea alinifunza kwamba mapishi hayatolewi yote. Toa, lakini bakisha moja. Si uchoyo, ni ada. Jirani akija kukuuliza mkate wako wapikwaje, unamtajia vyote ila kimoja. Yeye naye anajua umebakisha, anacheka, anakwenda kuhangaika kwake mpaka akipate au ashindwe. Bibi alikuwa akisema: "Mtu akikupa mapishi yote, mtazame vizuri. Ama yuwafa, ama yuwakudanganya." Mimi niliishi kwa neno hilo tangu sijaota meno ya utu uzima.

Nilichokibakisha ni hiki: ndani ya kigurumbi hamkuwa mtupu. Mlikuwa na jivu la vifuu vya nazi, lililoshindiliwa, tena si jivu la hivi hivi, limetengenezwa kwanza kwa namna yake. Udongo peke yake hupasuka wiki ya pili. Jivu ndilo linaloushika moto. Namna ya kulitengeneza hamtaisoma hapa.

Mwanangu mwenyewe hakujua. Yeye alikuwa fundi wa bati, na karakana yake ilikuwa kichochoro cha pili kutoka kwetu, pana kama vitanda viwili. Alikata bati, akakunja kingo, akatia lehemu, na mimi nikampelekea vigurumbi vikiwa vimeshazibwa na kuchomwa, avifunge tu. Siku moja alikipima kimoja mkononi, akaniuliza, "Mama, ndani mna nini?"

"Mna uwazi."

"Mbona kizito?"

"Udongo mzito. Funga bati lako."

Akafunga bati lake. Alikuwa mtu mzima wa miaka arubaini na ushei, ana mtoto wa kike wa sekondari, na bado mama akisema ni uwazi, ni uwazi. Kigurumbi kikivunjika mteja alikileta kwangu, nikampa kipya, na kile nikakisaga mwenyewe uani, mlango nimeutia komeo.

Aliyeviuza vifuniko vyetu alikuwa mwanangu mwengine. Si wa kuzaa, wa kunyonyesha. Mamake alikuwa jirani yetu, akafa arubaini haijaisha, nami nikamweka mtoto yule ziwa la kushoto na wangu ziwa la kulia. Kwa dini yetu hao ni ndugu, hata ndoa haipiti baina yao. Alikulia jikoni kwangu. Alipokua akafungua duka la vyombo karibu na Mwembe Tayari, pale mabasi ya bara yanapopakia, na kila abiria aliyemwona na mzigo mdogo alimuuzia kifuniko.

Katika wateja alikuwamo wakili mmoja, mwanamke kijana wa Tudor, Mkristo. Wazazi wake walitoka bara, babake alifanya kazi reli. Alipenda kupika na alikuwa na maneno matamu. Siku ya kwanza aliniita nyanya, nikamwambia nyanya ni za kachumbari, mimi ni bibi. Akacheka mpaka akakaa chini. Yeye ndiye aliyetwambia habari ya hataza. Hataza ni karatasi ya serikali inayosema kitu hiki kimebuniwa na fulani, na mtu mwengine asikitengeneze wala kukiuza bila idhini yake. Akasema kwa kuwa hatujatimiza mwaka tangu tuanze kuuza, nafasi bado ipo, tufanye haraka.

Akaja nyumbani, akaketi jamvini na kompyuta yake mapajani, mwanangu pembeni.

"Bibi, kifuniko nakijua, kila mtu anakijua. Niambie kigurumbi ni nini."

"Kipande cha udongo."

"Umbo lake?"

"Duara."

"Na ndani?"

"Uwazi."

"Mtupu kabisa?"

"Mtupu."

Akaacha kuandika, akanitazama. Nakumbuka maneno yake kama kwamba ameyasema leo. "Bibi, sikiza. Neno hili ni lako peke yako. Ningeandika sufuria, siku ya ugomvi korti ingeuliza watu wanaelewa nini wakisikia sufuria. Lakini kigurumbi hakuna anayelijua. Korti haitakuwa na pa kutazama ila hapa tunapoandika. Tukisema ni udongo, ni udongo. Tukisema mtupu, ni mtupu. Kama kuna kitu chochote kimebaki, kiseme sasa."

Nikatabasamu. "Hakuna kilichobaki."

Nilidhani ameelewa. Wallahi nilidhani ameelewa. Mwanamke wa kwetu angeliona tabasamu lile angejua nimebakisha, angesema "haya bibi, utanipa siku nyengine," na akaandika kwa namna ya kuacha mlango wazi. Yeye hakuwa wa kwetu. Aliniamini nilivyosema. Akaandika: kigurumbi maana yake ni bamba la duara la udongo uliochomwa, lililozibwa, lenye uwazi mtupu ndani. Akatusomea mara mbili, mwanangu akatia saini, na mimi nikatia yangu, ile niliyofunzwa chuoni kwa herufi za Kiarabu.

Muhogo ukaisha, ngano ikarudi, karatasi ikaja. Mwanangu akaitia kwenye fremu ya kioo, akaitundika juu ya fuawe lake, chuma anachofulia bati. Wapita njia walisimama kuisoma. Mjukuu wangu, yule bintiye, akawa akiipangusa vumbi kila Ijumaa.

Kisha siku moja mjukuu akarudi na kifuniko alichokinunua Mwembe Tayari. Si chetu. Kwa juu kimefanana, lakini ndani badala ya udongo mlikuwa na bati mbili zilizobanwa pamoja. Mwanangu akazipasua kwa mkasi. Likamwagika jivu la vifuu.

"Ametia jivu," akasema, akishangaa. "Jivu la nini tena?"

Nilijua mara moja. Mwanangu wa maziwa alikuwa amekivunja kigurumbi changu, akaona, akaenda zake kuajiri mafundi watatu.

Hapo ningesema. Mwanangu alikuwa mbele yangu, na jivu kwenye magoti yake, akiniuliza. Nikamwambia, "Mwizi ni mwizi, hata akiwa ndugu yako wa ziwa. Mpeleke korti."

Akampeleka. Nasema korti kwa sababu kwangu mimi popote penye mawakili na kiti kirefu ni korti. Walikaa watu watatu mbele, na mwenyekiti wao mwanamke, ana miwani kwenye mnyororo, sauti ndogo. Wakili wetu alijitahidi. Alisema kigurumbi ni kile kinachofanya kazi ya kigurumbi: kuunywa moto na kuutoa pole pole. Kiwe cha udongo au cha bati, kazi ni ile ile. Nikaona maneno yanaingia vizuri, nikaanza kukohoa kwa raha.

Kisha wakaitwa mashahidi. Mfinyanzi, fundi wa bati, na mwanamke anayeuza mikate. Kila mmoja aliulizwa, kifuniko wakijua? Anakijua. Kigurumbi je? Hajapata kusikia. Mwanamke wa mikate akasema, "Labda ni ugonjwa," watu wakacheka. Wakili wa upande wa pili, mtu mzima mwenye suti ya kijivu, akasema basi, neno halimo kwenye kamusi, halimo kwa mafundi, halimo sokoni. Lina nyumba moja tu, nayo ni karatasi hii. Akamwita mwanangu.

Mwanangu alikwisha kuapa, mkono wake umegusa msahafu.

"Ndani ya kigurumbi mna nini?"

"Mna uwazi."

"Mtupu?"

"Mtupu, kama ilivyoandikwa."

"Umeona kwa macho yako?"

"Mama ndiye afanyaye," mwanangu akasema, akanyoosha shingo. "Na mama yangu hasemi uongo."

Yule wakili akainama, akatoa mkobani kifuniko chetu, kipya, kina muhuri wetu. Akakibandua kigurumbi chake, akaomba ruhusa kivunjwe. Nilitaka kusimama. Karani akaleta nyundo, akakipiga mara moja, na jivu likamwagika juu ya meza, juu ya karatasi, juu ya mkono wa mwanangu aliyekuwa ameuweka pale. Mtu akapiga chafya.

"Kwa karatasi yao wenyewe," akasema wakili wa suti, "hata hiki si kigurumbi."

Mwanangu hakumtazama yeye. Alinitazama mimi. Uso ule naujua tangu una siku moja, na sikupata kuuona namna ile. Akaanza kujipangusa jivu mkononi, taratibu, kidole kwa kidole, na halikutoka.

Ndipo nikasimama. "Neno ni langu!" nikapiga kelele. "Nimelitunga mimi, jikoni kwangu! Mimi ndiye nijuaye maana yake! Ni udongo na jivu, tangu siku ya kwanza ni udongo na jivu!"

Wakili wetu akanishika nguo, "Bibi, keti, tafadhali." Lakini mwenyekiti akamwashiria aniache.

"Kweli, bibi," akasema. "Neno ni lako. Ndiyo sababu sheria ilikupa nafasi ya kulipa maana yoyote unayoitaka, mtu asikuingilie. Ukalipa maana yake. Ukatia saini. Tangu siku hiyo kila fundi wa mji huu akitaka kujua ukuta wako waishia wapi, asome hapa, ajenge wake upande wa pili. Leo ukiniambia ukuta uko kwengine, nimfanyeje yule aliyesoma?"

Nikaketi. Hakuniambia kwa ubaya, na hilo ndilo lililoniuma, maana mtu akikutukana unapata cha kumrudishia.

Uamuzi ulikuja baada ya miezi. Wakili alipiga simu kwanza akilia, kisha akauleta ulioandikwa, na mjukuu akatusomea ukumbini. Kurasa nyingi. Alisoma vizuri mjukuu wangu, hakukwama pahali, na nilijionea fahari katikati ya msiba. Walisema neno la kawaida hupewa maana wanayoipa watu wa kazi hiyo, lakini neno la kubuni, lisilojulikana popote, husomwa kama lilivyoelezwa na aliyelibuni ndani ya hati yenyewe, pamoja na michoro. Walitazama michoro: uwazi umechorwa mweupe. Walisema kauli ya baadaye ya mbunifu haiwezi kuivunja hati yake mwenyewe. Kigurumbi ni udongo, ni mtupu. Bati zilizojaa jivu si kigurumbi. Aliyezitengeneza hakuvunja haki ya mtu.

Mjukuu alipofika mwisho akasema, "Bibi, kumbe hawakukataa kazi yako. Wamekuamini ulichoandika."

Mwanangu akainuka, akatoka nje. Hakunigombeza siku ile, wala siku yoyote. Laiti angenigombeza. Mjini walimwita Fundi Uwazi. Watoto walimwimbia kichochoroni: "Mna nini ndani? Mna uwazi!" Mtu aliyeapa kwa msahafu na kuambiwa mwongo mbele ya wenziwe hana tena wa kumpa kazi. Hata msikitini alihama safu ya mbele, akawa akiswali karibu na viatu.

Nilimwendea siku moja pale karakana. Nikamwambia, "Mwanangu, njoo nikufunze. Yote, mpaka la mwisho. Yule wakili asema namna ya kulitengeneza jivu bado haijulikani na mtu, twaweza kuomba karatasi nyengine."

Aliweka mkasi chini. "Sasa, mama?"

Basi. Maneno mawili. Akaondoa fremu ukutani, akaitoa karatasi, akaikunja, akampa kioo mtu wa kupita.

Akauza fuawe, akenda kubeba magunia kwenye maghala. Mtu wa kazi ya vidole, mgongo wake haukujua gunia. Mwaka haukutimia wakaniletea nyumbani wamembeba kwa tuktuk, mdomo umekwenda upande, mkono wa kulia umekufa. Kiharusi. Tangu hapo amelala chumba cha ndani, nyuma ya pazia. Mimi namlisha kwa kijiko kama nilivyomlisha zamani, na bado mbele yangu hufumba macho.

Mwezi uliopita, baada ya alasiri, mwanangu wa maziwa akaja. Hakuwa amekanyaga kizingiti changu tangu kesi. Alibeba machungwa na kopo la halua, akavua viatu, akapiga magoti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Mbona wanitazama hivyo?"

"Natazama maziwa yangu yalikokwenda."

Akainamisha kichwa. Amenenepa, ndevu zimeingia mvi. Mjukuu alikuwa amekaa karibu na pazia, ameshika kikombe cha babake. Hakumsalimia.

"Mama, nimekuja na haja," akasema. "Bati zangu zaniaibisha. Miezi miwili tu, jivu lagandana, mkate waungua. Watu wa bara wanirudishia vifuniko kwa magunia. Vyako vina miaka na bado vyapika. Lile jivu, mama, ulikuwa walifanyaje?"

"Si ulishinda?"

"Nilishinda karatasi. Jivu sikulishinda."

"Basi rudi kwa wakili wako wa suti, akavunje kingine aone."

"Nimevunja kumi, mama. Kwa macho halionekani." Akasogea. "Nisikize. Ndugu yangu nitampeleka hospitali ya mazoezi, mpaka mkono ule uinuke. Karakana nitamfungulia upya, jina lake litakuwa mlangoni, na nitasimama msikitini niwaambie watu kwamba hakuapa uongo, aliapa alichoambiwa. Na huyu binti asomeshwe mpaka mwisho wa anakotaka. Mimi sidanganyi, mama. Wajua nikidanganya."

Najua. Akidanganya sikio lake la kushoto hushika wekundu, tangu ana miaka minne. Niliangalia sikio. Halikushika wekundu. Alikuwa akilia, tena machozi ya kweli.

Nikayasogeza machungwa yake mpaka magotini pake. Nikamwambia, "Sitasema. Jivu lililomwangusha mwanangu halitamwinua mtu mwengine."

Nikasikia kitanda cha ndani kikilia. Mjukuu akavuta pazia, akimsogezea babake mto ili ainuke kidogo. Mwanangu alikuwa ameyafumbua macho, ananitazama. Ulimi wake siku hizi hutoa neno moja kwa jasho la siku nzima, na tangu siku ile ya "sasa, mama" hakupata kuniomba kitu, hata maji humwomba mwanawe.

"Mama," akasema. Akapumzika. Mate yakamtoka, mjukuu akampangusa. "Mwa... mwambie."

Mjukuu akanigeukia. Yule wa maziwa akainua uso. Wote watatu wananingoja mimi. Nilijua mwanangu anataka nini: anataka mkono wake, anataka mlango wenye jina lake, anataka mtu asimame msikitini. Nami ndiye niliyemnyang'anya vyote vitatu kwa kufunga mdomo, na bado sikukubali kuufungua kwa aliyekivunja kigurumbi changu.

Nikamtazama mwanangu wa kuzaa machoni, nikamjibu:

"Sitasema. Jivu lililomwangusha mwanangu halitamwinua mtu mwengine."